Mzee Hebu Tuone na Mifuko ya Saruji

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mkaguzi Mwandamizi wetu anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili katika Idara ya Kodi. Wafanyabiashara walimwita Mzee Hebu Tuone. Sisi pia tulimwita hivyo, ila kwa sauti ya chini.

Alianza kama karani wa majalada, kwenye chumba kisicho na dirisha. Hakuwahi kuamini hesabu zilizochapwa vizuri. Mwoka mikate akidai hasara, yeye alikwenda jalalani kuhesabu magunia matupu ya unga. Hata keki ya harusi ya binti yake aliidaia risiti, na mkewe anasema mpaka leo hajui kama ulikuwa utani.

Kazi yake kubwa ilikuwa kiwanda cha saruji. Miaka tisa kilitangaza hasara, na miaka hiyo hiyo kilijenga maghala matatu mapya. Serikali nayo, kwa kukosa kodi, ilikopa ili ilipe wauguzi, kisha ikakopa tena ili ilipe mkopo wa kwanza. Wakubwa walilaumu ukame na bei ya mafuta. Mzee hakukubali. Kila Jumanne alikaa na walinzi kwenye kibanda cha chai mbele ya geti la kiwanda, akihesabu malori.

Hapo ndipo tulipomtilia shaka. Chai kila wiki na walinzi wa mtu unayemkagua? Jamani, sisi tumefundishwa kunusa, na tulinusa rushwa. Barua isiyo na jina ikafika kwa mkurugenzi. Mzee akahamishiwa stoo, akagawa kalamu na karatasi kwa miaka miwili huku faili la saruji likiota vumbi. Salamu tulimpa shingo upande.

Aliporudishwa kwa kukosekana ushahidi, alimaliza hesabu yake. Kiwanda kilikuwa kikitangaza mfuko mmoja kati ya minne! Mwezi uliopita kililipa awamu ya kwanza ya kodi iliyokwepwa, ingawa deni la taifa bado linatukaba koo.

Lakini tuhuma ile haijafungwa. Mlalamikaji hajulikani, kwa hiyo hakuna wa kuifuta, na isipofutwa kiinua mgongo chake hakitoki. Mzee angeondoka na makofi matupu.

Aliyeombwa kuandika wasifu huu ni mimi, jirani yake wa meza kwa miaka kumi na minane. Barua ile niliiandika mimi. Sikuwa na ushahidi wowote, nilikuwa na wivu wa cheo chake tu. Naona aibu, Mzee wangu, na naomba radhi mbele ya wote. Barua ya kuifuta tuhuma hiyo, yenye jina na sahihi yangu, iko mezani kwa mkurugenzi tangu asubuhi.

Asante kwa kazi yako. Tunakuombea mapumziko marefu na afya njema. Kiinua mgongo kikitoka, kihesabu mwenyewe, usituamini.