Mama Zainabu, Aliyepima Rangi ya Nguo Zetu

Baada ya miaka ishirini na saba katika maabara yetu ya maji na mazingira hapa Kindu, Mama Zainabu Tambwe anastaafu tarehe 31 Machi. Tangu habari hii itangazwe, wafanyakazi kadhaa wameanza kuvaa nguo mpya bila woga.

Kazi yake imekuwa kupima madhara ya nguo: rangi inayotiririka mtoni, sabuni ya kufulia, mitumba iliyochakaa inayotupwa makorongoni. Ukimpitia na shati jipya, hakusifu. Anakuuliza pamba yake ilikunywa maji kiasi gani kabla ya kufika Kindu. Kila tarehe nane Machi, Siku ya Wanawake, wanawake wanaposhona vikwembe, yaani vitenge, vipya vya sare kwa ajili ya gwaride, yeye hujitokeza na kikwembe cha sherehe za zamani, kifua mbele, katikati kabisa ya mstari. Mpiga picha alikwisha kukata tamaa.

Aliingia kazini wakati wa vita. Treni haikufika, dawa za kupimia hazikuja, na mshahara ulikuwa hadithi tu. Akabuni kipimo chake: aliloweka kitambaa cheupe katika maji ya kisima, kikitoka na rangi, maji yana kasoro. Siku moja alikikosa kitambaa, akachukua shati la mkuu wetu, Papa Kabongo, lililoanikwa kwa ajili ya misa. Lilitoka na ubuluu hafifu. Papa Kabongo alilivaa hivyo hivyo, na mpaka leo anadai rangi ile ilimpendeza.

Lakini rangi hiyo ilitoka kwa Hadidja, dada mkubwa wa Mama Zainabu. Nguo mpya zilikuwa haziingii mjini, basi Hadidja alitia rangi nguo kuukuu zikavalika tena. Kazi hiyo ndiyo iliyolisha nyumba yao yote, Mama Zainabu akiwemo. Maji yake machafu yalishuka hadi kwenye kisima cha avenyu, yaani mtaa wao, na watoto wakaanza kutapika.

La kuvunda halina ubani. Mama Zainabu alikwenda kwa chifu wa avenyu, akaomba kazi ya dada yake isimamishwe. Ilisimamishwa. Wote wawili walilala njaa, na dada hakumsemesha. Ndipo Mama Zainabu akaanza kuchimba mashimo ya mchanga na makaa ya kuchujia maji ya rangi. Alikosea mara nyingi, akaugeuza ua mzima kuwa tope la buluu, mpaka maji yakatoka safi na Hadidja akarudi kazini. Leo watia rangi wa Kindu, na hata wa Kibombo, wanayatumia mashimo ya namna hiyo. Tunajivunia sana.

Tulimwomba Mama Hadidja neno la kuweka hapa. Alisema: "Muandike kama Zainabu alinifungiaka kazi, na nilimukasirikia sana. Muandike tena: watoto yangu wote walikunywa ku ile kisima, na hakuna hata moja nilizika."

Asante, Mama Zainabu. Mungu akuzidishie afya, na akupe siku nyingi za raha pamoja na dada yako.