Mshipa wa Rupert Luambano

Marehemu kaka yetu, Rupert Valence Luambano, alizaliwa Hanga tarehe 3 Machi 1941. Mimi Kunegunda ninayesoma ni mdogo wake wa mwisho, kwa hiyo mnisamehe nikitoka kidogo nje ya karatasi.

Alisoma shule ya misheni hapo Hanga hadi darasa la nne, kisha akajifunza udereva. Tangu 1965 aliendesha lori la ushirika, akibeba tumbaku kutoka Namtumbo hadi Songea. Mwaka 1968 alifunga ndoa na Beata Komba, wakahamia Mjimwema.

Juni 1986 robota la tumbaku lilimwangukia gotini. Goti lilipona, lakini wayo wa kushoto haukuinuka tena, vidole vikawa vinaburuta chini. Dereva asiyeweza kuinua mguu kwenye klachi, nani atampa lori? Watoto walimwiga anavyotembea, akaacha kutoka. Soko huria likaingia, malori ya watu binafsi yakajaa barabarani, naye yuko ndani anayatambua kwa mlio tu. Alikuwa mkali, jamani, tusidanganyane. Nyumba ile ilikuwa jela, na Beata alifungwa naye.

Mwaka 1991 daktari alimwambia mguu unatengenezeka: watachukua mshipa wa upande wa ndani, wauhamishie juu ya wayo. Kaka akarudi na furaha, akamwambia jirani yake Majidi, "Naenda kupasuliwa mshipa." Loo! Mnajua wenyewe mwanaume wa huku akitaja mshipa watu wanasikia nini. Kufika jioni Mjimwema nzima inampa pole ya busha. Akaapa haendi. "Hata nikipona, watasema busha ndilo lililokuwa linanitembeza vibaya." Akajifungia miaka mitatu mingine.

Wifi yangu Beata alichoka. Mwaka 1994 jumuiya yetu ya sala ilikutana sebuleni kwao, kaka amejificha chumbani. Ilipofika zamu ya kutoa nia, Beata akasimama: "Tumwombee mume wangu akapasuliwe mshipa wa mguu. Wa mguu! Kule kwingine ni mzima, shahidi ni mimi." Mwenyekiti Otto peke yake ndiye aliyejikaza kuitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Chumbani tukasikia kaka anacheka. Wiki ileile akaenda.

Plasta ilipotolewa, alifundishwa asiuambie mguu "panda" bali "geuka ndani", kwa sababu mshipa ule ulijua kazi yake ya zamani tu. Alikaa kitandani akiunong'oneza mpaka ukapanda. Jumapili akaenda misa bila fimbo.

Septemba 1997 kiharusi kiliua upande wake wa kulia, na maneno yakapotea. Akafungiwa tena, safari hii ndani ya mwili wake mwenyewe. Iliniuma sana. Tarehe 9 Novemba, alfajiri, Beata alimuuliza, "Baba Noela, unanisikia?" Blanketi likainuka upande wa kushoto, miguuni. Beata akaushika wayo ule, hakuuachia mpaka ulipopoa.

Ameacha mjane, watoto watatu, Noela, Yohanes na Eusebi, wajukuu watano, na mimi.

Toka sasa, kaka. Upumzike kwa amani.