Wali wa Moto Mlandizi, Uji Baridi Kariakoo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliokaa mbele, asifiwe na ninyi mliosimama mlangoni kwa kukosa viti!

Wengi mnanifahamu. Mimi ni Stella, ninaishi na mama yangu hapa hapa Kariakoo, katika chumba kimoja cha nyumba yenye ukumbi mrefu na milango minane. Wengine mnanikumbuka kwa ushuhuda nilioutoa mahali hapa niliposimama. Siku ile nilivaa sketi ya bluu. Nilisema Mungu amenipa kazi ya ukarani katika ofisi ya kutoa mizigo, kule bandarini. Mlipiga makofi. Kwaya iliimba. Mama mmoja alitoka kwenye kiti chake akanivisha khanga mabegani, na mama yangu akalia kwa furaha.

Ndugu zangu, siku ile ushuhuda ule ulikuwa kweli. Miezi mitano baadaye haukuwa kweli tena, na mimi sikusimama kuwaambia. Leo nimekuja kuumalizia.

Mizigo ilipungua, ofisi ikapunguza watu, nami nikawa miongoni mwao. Nilitoka bandarini kwa miguu, nikafika Mnazi Mmoja, nikakaa chini kwenye nyasi pamoja na watu waliokuwa wakipumzisha miguu yao. Nilikaa muda mrefu nikijiuliza swali moja. Mtu akipewa, anashuhudia. Mtu akinyang'anywa, anashuhudia nini? Sikuwahi kumwona hata mmoja akija hapa mbele kusema, "Bwana asifiwe, nimefukuzwa kazi." Nikaona aibu. Nikasema moyoni, nitanyamaza mpaka nipate nyingine, kisha nitakuwa sijasema uongo.

Kesho yake nikavaa sketi ya bluu, nikatoka asubuhi kama kawaida.

Dada mmoja tuliyefanya naye kazi alinipeleka kwa akina mama wanaouza hotpoti majumbani. Mnaijua kazi hiyo. Mwenyeji anawaita rafiki zake nyumbani kwake, anaandaa chai na maandazi, wewe muuzaji unakuja na vyombo vyako unavionyesha. Watu wakinunua, mwenyeji naye anapata chombo chake cha zawadi. Sisi tulikuwa na desturi yetu. Tunapika wali alfajiri, tunaufunika ndani ya hotpoti, tunasafiri nao, na hatuufunui hata kidogo mpaka wageni wote wameketi. Ndipo tunafunua. Mvuke unapanda mpaka usoni. Wanawake wanapiga vigelegele kana kwamba umewaletea bibi harusi. Nitasema kweli hata hili: niliipenda kazi hiyo. Nilipenda ule mvuke.

Kiongozi wa kundi letu alitufundisha kuanza na watu wa karibu. Alitupa karatasi akasema, "Andikeni majina ishirini ya watu mnaowajua. Jirani, ndugu, mnaosali nao." Wenzangu wakainama wakaandika. Mimi nilirudisha karatasi nyeupe.

"Stella, wewe huna watu?" akaniuliza.

"Mimi ni wa kuja, dada. Kwetu ni Masasi."

Wa kuja! Ndugu zangu, nilikuwa na kanisa zima. Nilikuwa na nyumba yenye milango minane. Lakini ningewaitaje wanunue hotpoti kwa karani wa bandarini?

Basi nikaanza kwenda mbali. Mara ya kwanza nilienda Mbagala. Pale mgeni mmoja akaniangalia sana akasema, "Dada, sura yako siyo ngeni kwangu. Unasali wapi?" Sikurudi tena Mbagala. Nikaenda Chanika. Baadaye Kibaha. Baadaye Mlandizi. Wenzangu walipima umbali kwa nauli na kwa uchovu. Mimi niliupima kwa nyuso. Mahali ambapo hakuna uso wa kunitambua, hapo ndipo niliposema, hapa pananifaa. Nikirudi nyumbani jioni miguu imevimba, mama akiuliza, nasema, "Kazi nyingi ofisini, Mama."

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo dhambi yangu ilipokaa, na ilikaa juu ya meza ndogo kando ya kitanda.

Mama yangu anaumwa sukari. Anakunywa vidonge asubuhi, na akishavinywa lazima ale. Mikono yake inatetemeka, kwa hiyo nilimkataza kuwasha jiko. Kila alfajiri nilimpikia uji, nikauacha katika sufuria kuukuu, nimeufunika kwa sahani. Yeye huamka, husali, hufagia pale anapoweza, na akifika kwenye uji umekwisha kupoa, umefanya ngozi juu. Mama hapendi uji baridi. Humeza kidogo, huacha.

Na chini ya kitanda hicho hicho, ndani ya maboksi niliyomwambia ni mafaili ya ofisi, zilikuwepo hotpoti sita. Mpya! Zenye maua mekundu! Sikuweza kumpa hata moja, kwa sababu angeuliza imetoka wapi.

Siku moja ya mvua za masika nilialikwa Mlandizi. Nikapika wali wa nazi, nikaufunika, nikapika uji wa mama, nikaufunika kwa sahani, nikaondoka kabla hakujapambazuka. Kule wageni walijaa sebule na baraza. Simu niliiweka kimya, ndiyo desturi yetu wakati wa kuonyesha. Nilipofunua, mvuke ulipanda vizuri kuliko siku zote. Vigelegele! Mwenyeji akacheza.

Kati ya wageni alikuwapo bibi mmoja mzee, mama mkwe wa mwenyeji. Alinyoosha mkono akaushika wali, akaurudisha mkono haraka.

"Hee! Unaunguza! Umeupika wapi huu?"

"Kariakoo, Bibi."

"Kutoka Kariakoo mpaka huku bado wa moto! Na huko kwenu umewaachia nini?"

Watu wakacheka. Mwingine akadakia, "Kawaachia harufu, Bibi!" Wakacheka zaidi. Mimi nikacheka nao. Lakini ndugu zangu, niliiona ile sahani juu ya ile sufuria. Niliiona kana kwamba mtu ameishika mbele ya uso wangu.

Nikaomba radhi, nikatoka uani, nikatazama simu. Bi Zuhura alikuwa amenipigia mara nyingi.

Bi Zuhura ni jirani yetu wa mlango unaotazamana na wetu. Ni Mwislamu, mtoto wa nyumba ile, amezaliwa humo, na maneno yake hayana kona. Nikampigia.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Stella, uko wapi?"

Nikasema, "Niko ofisini." Hata wakati ule! Ulimi wangu ulikuwa umezoea kiasi kile.

Akasema taratibu, "Ofisini nimetoka mimi, mwanangu. Nimekwenda kwa miguu yangu, na mvua hii, nimeuliza mlango kwa mlango. Wamesema Stella aliondoka zamani. Sasa nakuuliza tena, maana mama yako yuko zahanati. Uko wapi?"

"Mlandizi."

"Mlandizi!" Nikamsikia anavuta pumzi. "Haya. Rudi."

Mama alikuwa amemeza vidonge, uji ukamshinda, sukari ikashuka. Bi Zuhura alipita akabisha hodi, hakujibiwa, akaingia. Akamkuta ameanguka kando ya kitanda, jasho linamtoka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Marehemu mumewe alikuwa na ugonjwa huo huo, kwa hiyo hakuuliza mtu. Alimnywesha maji ya sukari kidogo kidogo, akamtia kwenye bajaji, akampeleka. Kisha, kwa kuwa simu yangu ilikuwa kimya, akanifuata mahali nilipowaambia watu wote kwamba nipo. Bandari ni karibu. Alidhani atanirudisha mara moja.

Sikumbuki niliagana vipi na watu wa Mlandizi. Mvua ilitukuta Kibaha. Tulipofika Magomeni magari yote yalikuwa yamesimama. Maji yamejaa Jangwani, barabara imefungwa. Nikashuka, nikatembea mpaka pale askari alipotuzuia. Bonde lote lilikuwa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Na ng'ambo, ndugu zangu, niliyaona maghorofa ya Kariakoo. Niliyaona madirisha yake! Nilikuwa nimetoka Mlandizi, umbali wote ule, na sasa mama yangu alikuwa ng'ambo ya bonde moja tu, sikuweza kufika.

Nikaomba pale pale kwenye mvua. Sikuomba kwa maneno mazuri. Nilisema, "Bwana, huku mbali nilikuja kwa miguu yangu mwenyewe. Nirudishe. Nikimkuta hai nitasema kweli, hata wakinicheka."

Dereva mmoja wa bajaji akasikia, au labda alinionea huruma tu. Akasema, "Dada, twende tuzunguke Buguruni, tutafika hata kama ni kesho." Tulifika zahanati jioni, adhana ya magharibi inaita.

Mama alikuwa hai. Alikuwa ameketi kitandani, amejifunga khanga ya Bi Zuhura. Na juu ya kimeza kando yake niliiona hotpoti yenye maua mekundu, kifuniko kimewekwa pembeni, na uji ndani yake unatoa mvuke.

Nikasimama mlangoni, nimelowa, nimeshika hotpoti nyingine iliyotoka Mlandizi tupu.

Bi Zuhura ndiye aliyeanza. "Nimekuchukulia chombo bila ruhusa. Nilikuwa natafuta kadi yake ya kliniki uvunguni, nikakuta duka zima la Mtaa wa Kongo. Mafaili yako mazuri, Stella. Yanatunza moto."

Nikapiga magoti. Nikaanza kusema, "Mama, kazi ya ofisini..."

Mama akanikatiza. "Najua."

"Unajua nini, Mama?"

"Mwanangu, bosi gani huyo anayemwambia karani wake apike wali wa nazi alfajiri? Nalala mle chumbani, pua ninayo. Nilikuwa nakungoja uniambie." Kisha akanisogezea kijiko. "Kula, uko baridi wewe."

Nililia, ndugu zangu. Nilimlilia Mungu na nilimlilia Bi Zuhura, ambaye viatu vyake vya matope vilikuwa bado mlangoni kwa safari ya bandarini niliyomsababishia mimi.

Najua wengine mnangoja niseme kwamba baada ya hapo milango ilifunguka, nikapata gari. Sikupata gari. Kilichofunguka ni milango ile minane. Mama alipopona, Bi Zuhura alinishika mkono akasema, "Jumamosi lete vyombo vyako ukumbini. Mwenyeji mimi. Na ile zawadi ya mwenyeji nisiisikie kwa maneno tu." Wakaja. Walinitania sana! "Karani, tuonyeshe faili!" "Karani, hili lina mhuri?" Mpaka leo jina langu mtaani ni Karani, naitika. Nilikuwa nimeikimbia siku hiyo kwa mwaka mzima, nikakuta ni kicheko cha alasiri moja, kisha watu wakauliza kama kuna rangi ya kijani.

Bado nasafiri. Sisemi mtu asiende mbali kutafuta riziki. Baba zetu walitoka Masasi. Lakini sasa nina kipimo. Mtu akinialika, kabla sijakubali najiuliza, nikiitwa ghafla, nitafika kabla uji wa mama haujapoa? Na najiuliza tena, je, nyumbani wanajua nilipo? Nikiona jibu ni hapana, nashukuru, nakataa. Juzi nimekataa Morogoro. Nilitamani, lakini nimekataa.

Palibaki mahali pamoja tu nilipoogopa kufika, na ni hapa, hatua chache kutoka kwangu. Nimepita mlango huu Jumapili nyingi nikisema, wiki ijayo. Ninyi ndio mlionipigia makofi. Mama uliyenivisha khanga, nakuona. Bado ninayo, nisamehe. Nilidhani Mungu wangu ni wa siku za kupata tu, nikawaficha siku ya kukosa, kana kwamba siku ile hakuwepo. Alikuwepo. Alikaa nami Mnazi Mmoja kwenye nyasi. Alikaa na mama sakafuni, akamtuma jirani asiye hata wa kanisa letu abishe hodi. Jina lake litukuzwe!

Ndugu yangu, pengine nawe kuna jambo ulilowaambia watu, likageuka, na sasa unaenda mbali ili usikutane na macho yao. Mwamini Mungu, rudi. Bonde ni la maji, lakini lina njia ya kuzunguka. Watakucheka kidogo. Utafika.

Mama yangu yupo pale, benchi la nne, karibu na nguzo. Hicho alichopakata mapajani ni hotpoti yake, yake mwenyewe. Ndani kuna uji niliopika alfajiri, kwa sababu nilijua leo nitasema sana. Simuuzii mtu kitu hapa madhabahuni. Ila ibada ikiisha, asiyeamini kwamba nimerudi nyumbani, aende pale kwa mama, amsalimie, amwombe afunue.