Philbert Kalinga na Wapukuchuaji wa Ipogolo

Tupo hapa pamoja na Paroko wetu, yupo shemeji yangu Paskalina, mjane wa marehemu, yupo mwanawe Anord, aliyefika jana kutoka Dodoma, yupo Mama Veneranda, jirani wa ukuta mmoja, na yupo Bwana Asukile Mwaisumo, mwenyekiti wa chama cha waandishi cha Mbeya, pamoja na wenzake waliovaa vitambulisho shingoni, sijui kwa nini. Mimi ni Liberatus Kalinga, kaka wa marehemu, na ukoo umenituma nisome historia yake.

Marehemu Philbert alizaliwa Mlandege, Iringa, tarehe 14 Machi 1951, akasoma kwa mapadre, akahitimu kidato cha nne mwaka 1970, na tarehe 6 Agosti 1977 akafunga ndoa na Paskalina, wakajaliwa mtoto mmoja, Anord. Mwaka 1986 aliajiriwa karani wa ghala katika kiwanda cha karatasi cha Mgololo, familia ikabaki hapa Ipogolo, naye akawa anarudi Jumamosi.

Jumamosi hizo ndipo alipoanza kuandika hadithi, na namna yake ya kuzipima ilikuwa moja. Wanawake wakikaa uani kupukuchua mahindi, yeye aliketi kwenye kigoda akawasomea, huku akitazama mikono yao, na mahali mikono iliposimama aliweka alama ya penseli, lakini mahali walipoendelea kupukuchua alipafuta bila huruma, hata kama alikuwa amepapenda. Hawakuwa wajuzi wa fasihi, na sitawasifu kwa jambo wasilokuwa nalo, walikuwa watu wenye kazi mkononi ambao hawakumwogopa. Vitabu viwili vilitoka katika ua huo, vikaazimwa mpaka majalada yakabanduka.

Mwaka 2014 alialikwa Mbeya kwenye semina ya Bwana Asukile, ambako alifundishwa kwamba mwandishi wa kweli humfikiria msomaji wa Lindi, wa Nairobi na wa ng'ambo, asiyejua lolote kuhusu sisi. Nilimwuliza ndugu yangu kama kuna aliyewahi kukutana na msomaji huyo, akanijibu kwamba mimi ni mtu wa zamani, jambo ambalo ni kweli. Bwana Asukile mwenyewe amechapisha vitabu vitano, na sijakutana na mtu aliyemaliza kimoja, ingawa nimekutana na wengi waliopiga naye picha.

Kitabu kilichofuata kilizinduliwa Mbeya mwaka 2017, kwa hotuba tisa. Humo ulanzi ulielezwa kwa mistari sita, kwamba ni kinywaji cha asili kitokanacho na mianzi, na marehemu alipousoma mstari wa tatu hapa uani, Mama Veneranda alimwuliza bila kuinua macho, "Baba Anord, hicho unachokieleza ndicho kile ulichokunywa jana, au kingine?" Wanawake walicheka, na hakuna mkono uliosimama. Marehemu alikasirika, akawaambia kwamba hakuwaandikia wao. Paskalina akamjibu, "Sawa, kawasomee hao wa Lindi, sisi tuna gunia la kumaliza."

Kwa miaka minane hakuwasomea tena, wala hakuchapisha kitu, na maboksi ya kitabu kile yako chini ya kitanda chake hadi leo, ingawa asubuhi hii nimesikia watu kadhaa wakikisifu langoni. Hamkukinunua, na mliopewa bure hamkukifungua, kwa hiyo nawaomba mlie kama majirani, inatosha.

Mwaka jana aliugua figo. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliomlaza na kumwamsha, wastaafu wenzake wa Mgololo, na wote mliobeba maji na kuni. Bwana Asukile aliniomba jana ruhusa ya kuimalizia hadithi ya mwisho ya marehemu, ili iwafae wasomaji wengi zaidi, nikamwambia hapana, na sasa namwambia mbele ya watu ili asiulize tena. Mungu ampokee ndugu yangu, ampumzishe na hotuba.

Hadithi yenyewe ni ya mjane anayebishiwa hodi na mke mwenzake, ambaye hajasalimiana naye tangu mazishi ya mume wao, na haielezi ulanzi wala kitu kingine chochote. Jumamosi, tarehe 7 Juni 2025, aliomba abebwe na kiti chake hadi uani, akawasomea kwa sauti ndogo, nami nilikuwepo. Mama Veneranda alikuwa na gunzi mkononi, nusu limepukuchuliwa, akabaki amelishika vile vile, na Paskalina pia, na wengine wote, mpaka kuku wakaingia kwenye ungo na hakuna aliyewafukuza. Marehemu aliitazama mikono yao, hakutia alama, akasema amechoka na ukurasa wa mwisho anao kichwani.

"Sasa Baba Anord, atafungua mlango au hafungui?" aliuliza Mama Veneranda.

"Jumamosi," akasema.

Philbert Kalinga alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, nyumbani kwake Ipogolo.