Juzuu Kumi za Sulabha-tai

Tarehe 31 Julai, Bi Sulabha Ranade anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili katika Idara ya Tafsiri za Kiingereza ya taasisi yetu hapa Pune. Sisi humwita Tai, yaani dada mkubwa. Hata Mkurugenzi, aliyemzidi umri, humwita hivyohivyo, na humwogopa vilevile.

Alianza kama msahihishaji. Enzi hizo tafsiri yetu ya utenzi mkuu wa Kisanskriti iliandikwa kwa Kiingereza cha mahubiri ya kale, wafalme wakizungumza kama maaskofu. Tai hakuvumilia. Alipofika kwa yule mama anayewalilia wanawe waliouawa vitani, aliwarudishia wakubwa mswada wao: "Mtu kafiwa na watoto wote, nyie mnampa maneno ya kunywea chai?" Wakubwa walinuna, kisha wakamwachia sura hiyo aitafsiri mwenyewe. Mimi nimeisoma mara nyingi, na bado sijaimaliza kwa macho makavu.

Hutafsiri akitembea ukumbini huku akinong'ona. Akienda mbio, tunajua magari ya vita yamefika. Akisimama, kuna mtu anakata roho. Siku alipomaliza sura ya kijana aliyezingirwa na maadui peke yake, aliomba ruhusa ya nusu siku, akataja sababu kuwa ni msiba. Bwana Phadnis wa utumishi akapita meza kwa meza akiuliza tumchangie rambirambi ya nani. Jamani, tulicheka!

Sasa nifike kwenye jambo lililotuumiza kichwa. Idara yetu humuaga mstaafu kwa kumpa juzuu zote kumi. Lakini kwetu utenzi huu hauwekwi nyumbani ukiwa kamili. Ndugu waliomo humo walimalizana wenyewe kwa wenyewe, na husemwa kwamba nyumba itakayoukaribisha wote itafarakana vivyo hivyo.

Zamani Tai aliucheka mwiko huo. Miaka saba iliyopita, juzuu ya mwisho ilipotoka, alizibeba zote hadi mtaa wa Sadashiv Peth, katika nyumba ya marehemu baba yake, alimoishi na mdogo wake Kusum, mjane. Mwezi haukuisha wakagombana kuhusu kuiuza nyumba hiyo. Bi Kusum akahamia kwa mwanawe, mtaa wa Kothrud. Tai akazirudisha juzuu ofisini kwa bajaji, akazifungia kabatini. Hawajazungumza tangu hapo. Mwenyewe husema waligombea nyumba, vitabu havikuwa na kosa. Lakini kila sikukuu ya Diwali hununua sari mbili, na moja hubaki kwenye mfuko wake.

Tulipomuuliza tumpe nini, alijibu, "Nipeni saa ya ukutani, yatosha." Haitoshi! Huwezi kumpa saa mtu aliyevipa vitabu hivi ujana wake.

Basi mimi, na kiherehere changu, nikaenda Kothrud. Bi Kusum alinisikiliza akichambua mboga, hata kuniangalia hakuniangalia. Nilipotaja zawadi, akaruka. "Zote? Nyumbani kwa baba? Naye yumo peke yake, akipatwa na balaa nani atamsikia? Mwambieni asithubutu!"

"Mama mdogo," nikamwambia, "si uje umwambie mwenyewe."

Mboga ilikwisha, akaendelea kuchambua mabua. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama juzuu hizo zinaweza kugawanywa.

Tai, najua unayasoma haya umeketi jukwaani, na najua umeshaanza kunikasirikia. Nikasirikie kesho. Zawadi yako leo ni juzuu tano za mwanzo. Tano zilizobaki atazitunza Bi Kusum kwake, zisikutane chini ya paa moja. Amesema ukizihitaji uzifuate mwenyewe, tena uende na njaa, maana hatakuruhusu uondoke bila kula.

Ahsante kwa kutufundisha kwamba watu wa kale nao walilia kama sisi. Idara nzima inakuombea afya, usingizi mzuri na siku nyingi za kutembea bila kutafsiri chochote.

Sasa weka karatasi hii chini. Mdogo wako ni yule wa safu ya mbele, mwenye sari ya kijani, anayejifanya anatafuta miwani. Nenda, Tai. Sisi tutasubiri.

Hemangi Sathe
kwa niaba ya Idara