Gunia la Nairobi na Bakuli la Mama Mdogo

Mbukwenyi. Shikamooni wakubwa zangu, na tulio rika moja, za mchana.

Mwenyekiti ameniwekea kiti, namshukuru, lakini mnanijua. Mimi kukaa ni shida. Nikitulia mahali muda kidogo tu, miguu inaanza kunidai. Basi nitasimama, na nikianza kuzungukazunguka hapa mbele mnivumilie. Huko kutotulia ndiko kulikoninyanyua, ndiko kulikoniangusha, na ndiko nilikokuja kuwaeleza.

Nilianza na sinia la karanga za kukaanga pale Nzuguni. Watu wa serikali walipohamia huku Dodoma biashara ikakua, nikatoka kwenye sinia nikaingia kwenye magunia, ua wangu ukajaa. Mwingine angemshukuru Mungu akapumzika. Mimi nilikuwa natazama malori ya kifusi yakielekea Msalato kujenga uwanja wa ndege, roho inaniuma. Nasema dunia nzima inakuja kutua hapa, na mimi bado nawauzia majirani wale wale.

Ndipo akatokea mnunuzi kutoka Nairobi, mtu anayetengeneza siagi ya karanga. Alionja karanga zangu akasema anataka lori zima, na nikimridhisha atataka jingine kila msimu. Bei aliyonitajia ilinifanya nikae chini, na mmeshasikia kwamba mimi sikai.

Nikaja kwenu Hombolo mbio mbio. Mkanipa karanga zenu kwa mali kauli, nikishauza ndipo niwalipe. Hakuna aliyenidai rehani. Mama mdogo wangu, huyo aliyekaa pale na kitenge cha bluu, alinikabidhi mavuno yake yote.

Tukakusanyika uani kwangu kubangua. Sasa ndugu zangu, tusidanganyane, wote tunajua tunavyobangua. Ganda kavu linachana vidole, kwa hiyo unanyunyiza maji, unafunika na gunia, unasubiri lilainike. Mama mdogo ndiye aliyenifundisha nikiwa mtoto, naye alifundishwa na mama yake. Hatukuwa tunaiba uzito, na nalisema hilo kwa sababu kuna watu walitusema vibaya. Tulikuwa tunaokoa kucha zetu. Baada ya kubangua mlitaka kuzianika tena zikauke vizuri. Nani alikataa? Ni mimi. Nilisema lori linasubiri, nikawahimiza mjaze magunia.

Tukafika mpakani, nikaulizwa hati ya afya ya mimea. Sikuwa nayo. Kwa kweli hata sikujua kama karanga nazo zina hati ya afya. Mnunuzi alikuwa ameniambia niulize mapema taratibu za kuvusha mzigo, nikamwitikia ndiyo ndiyo huku mawazo yakiwa kwenye bei. Basi lori likasimama juani limefunikwa turubai, na mimi napita ofisi hii, narudi ile. Ukiingiza mkono chini ya turubai ulikuwa unakutana na joto la jasho, kama umefunua chungu.

Mwishowe wakachukua karanga kidogo wakaenda kuzipima. Dada mmoja wa maabara akaniita pembeni, akaniambia kwa upole kwamba mzigo una sumukuvu na hauwezi kuvuka. Akanieleza ni sumu inayoletwa na ukungu kwenye nafaka na karanga zilizokaa na unyevu. Wakati mwingine huioni kwa macho, huisikii mdomoni, na ukikaanga haiondoki. Inakula ini taratibu, na watoto ndio inaowaonea zaidi.

Nilikasirika. Nilidhani ni fitina za biashara, wanatuzuia ili wauze za kwao. Nikamwambia sisi tumezila hizi tangu tuzaliwe na tuko hai. Hakubishana nami. Aliniuliza tu kama nyumbani kuna watoto wadogo.

Nikarudi Dodoma na lori langu. Injini haijapoa, dalali yuko uani. Habari mbaya zina miguu kuliko hata mimi. Akasema anaye mtu anayesaga unga wa lishe, atachukua magunia yote. Bei ilikuwa ya chini, lakini ingetosha kuwalipa ninyi wote na hakuna ambaye angejua. Nikamwambia kuhusu ile sumu. Akacheka kidogo.

"Mama, huku nani anapima?"

Nawaambia kweli, neno lile lilinipa raha. Niliona ni mlango Mungu amenifungulia. Nikaanza kuzunguka uani, mara naelekea kwenye magunia, mara kwa dalali, mara natoka nje ya geti narudi. Nilikuwa nikiwaza nyuso zenu, nitawaambia nini. Mkono wangu mmoja ulikuwa tayari umeshika bei.

Hapo akaingia mama mdogo na bakuli. Hakujua lolote, alisikia tu kwamba lori limerudi. Akaniomba nimchotee karanga kidogo za kutia kwenye mlenda, na nyingine atwange za uji wa mjukuu wake. Nikafungua gunia, nikashika kopo, nikachota. Mkono ukagoma kumwaga. Nikamwambia aende tu, nitamnunulia nyingine dukani.

Akanitazama. "Karanga za shamba langu unaninyima?"

"Mama, hizi hazifai kuliwa."

Akageuka akamtazama dalali, akayatazama magunia. "Kama hazinifai mimi, huyu bwana anampelekea nani?"

Dalali akaanza kuangalia simu yake. Na mimi, ndugu zangu, ile miguu isiyotulia ikatulia. Nilikaa pale pale chini, vumbi lote, nikalia mbele yake. Nilikuwa nashindwa kumpa bakuli moja, na bado nilitaka kuwapelekea lori zima watoto nisiowajua. Nikamweleza yote tangu mpakani. Dalali alivyoondoka hata sikumwona.

Nikamwita bwana shamba, akaja, akatuonyesha mahali pa kuziteketezea na kuzifukia, mbali na visima. Ninyi mlikuwepo. Mlitazama jasho lenu likiungua, na wengine mkanitukana, na mlikuwa na haki. Kuna mmoja alikuja kuchukua kitanda changu. Simtaji, anacheka pale nyuma. Kitanda alikirudisha mwenyewe, akasema kinapiga kelele.

Niliuza kiwanja changu cha Msalato, kile nilichokuwa nakisubirishia ndege, nikawalipa. Nilidhani ndiyo mwisho wangu. Kumbe msimu uliofuata mama mdogo akawa wa kwanza kuleta karanga zake tena, akasema safari hii hakuna maji. Mkabangua kavu kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, mkaondoa moja moja zilizosinyaa na zilizoota ukungu, mkazianika kwenye maturubai masafi. Nami nikapeleka za kupimwa hapa hapa kwanza, kabla ya kukodi lori. Siku za kusubiri majibu nilikonda. Lakini majibu yalikuja mazuri, hati nikakata mapema, na mzigo ukavuka.

Kwa hiyo sisemi msiende nje. Nendeni, bei ipo na wateja wapo. Ila msiende kama nilivyokwenda mimi, miguu mbele na akili nyuma. Ulizeni wanataka nini na wanapima nini kabla hata ya kuvuna. Na kuna jambo bado linanichoma, ndiyo maana situlii hata leo. Ilibidi nifike mpakani ndipo niulizwe wanachokula watoto wangu. Tuwe tunajipima wenyewe, hata kwa mzigo usiokwenda popote.

Nawashukuru mlionitukana kisha mkarudi. Namshukuru yule dada wa maabara, popote alipo. Na wewe mama mdogo, Mungu akutunze.

Kesho lori linaondoka tena. Nimefungua gunia moja la mzigo huo wa Nairobi, umeshapimwa, nikakaanga leo asubuhi. Bakuli ni lile lile la mama mdogo, aliloliacha uani kwangu siku ile, nimekuja nalo. Mama mdogo, anza wewe, kisha lipite kwa kila mtu, na za wajukuu mfunge kwenye khanga muwapelekee.

Mimi sasa, mwenyekiti, naomba kile kiti.