Mpaini Watafutiwa Kwao

Mwaka ule wa wakimbizi, kuni zilitafutwa Kasulo kama dawa. Ikatoka amri: mti wa asili upakwe rangi nyeupe, usiguswe; mti mgeni upakwe nyekundu, ukatwe ukawe kuni za kambini. Asubuhi hiyo bwana misitu alikuwa ameshafika kona ya pili na makopo yake mawili. Adelfina, muuza kahawa, alimkaza mtoto mgongoni akautazama mpaini uliofunika kijiwe chake. Hadi barabara kuu hapakuwa na kivuli kingine. Ukikatwa, wateja wangehama, yeye abaki na jua. Aliona haya kulisema hilo. Wateja wake watatu hawakuwa na haya hata kidogo.

— Tulia, dada, alisema Desderius, aliyeitwa Ramani kwa kuwa aliwahi kuwabebea wapima ardhi mnyororo. Mti huu ni wa hapa. Mbegu yake ina bawa. Iliruka kutoka Ntobeye hapo jirani ikaenda kuota Ulaya.

— Na huu je? aliuliza Adelfina.

— Umerudi likizo.

Maulidi, muuza vitenge aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimwi, aliokota tunda lililodondoka.

— Likizo gani! Kwanza huu si mti. Ona, magamba matupu! Hii ni jamii ya kakakuona. Na kakakuona kwao wapi? Si porini hapo Biharamulo?

— Kakakuona ana miguu, Redio, alisema Ramani.

— Kwani huu umesimama kwa imani?

Faustini, mteja wa tatu, aliwahi kukaa seminari wiki mbili, akarudi na jina la Padri. Alikuwa akihesabu majani, membamba kama sindano.

— Tatu. Tatu. Hapa tena tatu! Utatu Mtakatifu, jamani! Mti huu ni Mkatoliki wa Ngara.

— Basi na mafiga yote yamebatizwa, alisema Redio.

Kahawa ilimtoka Ramani puani. Adelfina akacheka hadi mtoto akarukaruka mgongoni.

— Shikamooni.

Bwana misitu alisimama nyuma yao, jasho likimtiririka, kopo kila mkono. Wakamweleza wote kwa pamoja: likizo, magamba, ubatizo. Alisikiliza hadi mwisho.

— Haya, ni wa hapa. Kwa Kihangaza chenu unaitwaje?

Ramani alimtazama Padri. Padri alimtazama Redio. Redio, kwa mara ya kwanza, alizimika.

Brashi ikachovywa kwenye nyekundu. Adelfina akamsogezea kikombe cha kahawa. Bwana misitu akaweka brashi chini, akaketi kivulini, akanywa, akafumba macho.

— Niongeze, dada.

Adelfina aliinamisha birika. Likatoka tone moja.

— Imekwisha, kaka, alisema kwa sauti ndogo. Njoo kesho. Kivuli kikiwapo, nami nipo.

Bwana misitu aliutazama mti toka shina hadi kilele. Kisha akafunika kopo la nyekundu.

— Hilo jina lake, alisema, nitalifanyia uchunguzi. Hapa hapa, kila asubuhi.